Shubiri, nili na maradhi ya ngozi: dawa za wazee zipimwe vipi?

Mwezi wa Mei mwaka 2025, nchi wanachama wa Shirika la Afya Ulimwenguni zilikutana mjini Geneva na kupitisha mpango mpya juu ya dawa za jadi, ambao utatumika hadi mwaka 2034. Kwa ufupi, mpango huo wataka dawa za miti shamba zisidharauliwe wala zisipokewe hivi hivi, bali zipimwe. Na zile zitakazoonekana kuwa ni salama na zenye manufaa zitiwe katika matibabu ya kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Shirika hilo lilianzisha kituo chake cha dawa za jadi mjini Jamnagar, huko Gujarat, katika pwani ile ile ya Bara Hindi ambayo majahazi yake yaliijua Mombasa na Lamu tangu zama za mababu.

Haya ni mambo makubwa, ndugu msomaji, na yatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Nyumba ngapi huku kwetu hazina chupa ya mafuta ya habasoda? Ua gani halina mwarobaini, na kama si mwarobaini basi mshubiri uliopandwa ndani ya debe? Twanunua dawa hizi kila siku, twapeana, twasifiana. Lakini swali la kuwa dawa hii imepimwa vipi, na nani, na ikaonekana nini, ni nadra kulisikia barazani.

Ili nisizungumze hewani, nitachukua maradhi mamoja tu niyatumie kama kipimo. Maradhi hayo madaktari huyaita soriasisi. Huenda wengi hawayajui kwa jina hilo, lakini wameyaona. Ni yale mabaka manene yatokayo zaidi viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani penye nywele, yakafanya magamba makavu meupe yanayobanduka na kudondoka juu ya nguo kama unga. Kwa mtu mweupe baka huwa jekundu. Kwa ngozi nyeusi aghalabu huwa la zambarau au la kijivujivu, na ndiyo sababu hata tabibu asiyeyazoea aweza kuyadhania kuwa ni choa au ukurutu.

Chanzo chake si uchafu, si kijidudu, wala si kijicho cha jirani. Ni askari wa mwili wenyewe wanaoghafilika wakaishambulia ngozi kana kwamba ni adui. Ngozi ya mtu mzima hujibadilisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kwa mwenye soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu, na ngozi changa husukumana juu kabla haijakomaa. Asili ya maradhi haya yaweza kurithiwa, na huamshwa na jeraha, na homa ya koo, na dhiki ya moyo, na hata baadhi ya dawa zinazotibu maradhi mengine. Wagonjwa wengine huvimba viungo vya mwili hata wakashindwa kufumba mkono. Tiba ya kuyang'oa kabisa haijapatikana, ila zipo dawa za kuyatuliza. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: hayaambukizi. Huwezi kuyapata kwa kupeana mkono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa kulalia mkeka mmoja.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni ulipitisha azimio maalumu juu ya soriasisi, ukazitaka serikali zipigane na aibu inayowaandama wagonjwa. Kila tarehe 29 Oktoba huadhimishwa siku yao duniani.

AIBU KULIKO MAUMIVU

Aibu hiyo huku kwetu ina sura yake. Namjua kijana mmoja, fundi seremala, mabaka yamemshika mikono yote miwili. Yeye hutia udhu nyumbani, kwani birikani watu humwachia nafasi. Katika safu husimama mwisho kabisa, karibu na mlango. Aliwahi kuniambia, "Kaka, mkono nautoa, haupokewi." Posa yake ya kwanza ilirudishwa na watu waliosema kwa upole kwamba binti bado anasoma, na binti huyo akaolewa mwezi wa tatu wake.

Kijana huyu amejaribu kila alichoambiwa. Amepaka utomvu wa mshubiri, ameoga maji ya mwarobaini, amekunywa habasoda kwa asali, amenunua unga wa chupa ulioletwa na mtu kutoka safarini. Kila aliyemwuzia alimwambia atapona, na si uwongo kwamba baadhi ya dawa zilimpa nafuu. Nafuu ya mwezi, wa pili mabaka yakarejea. Zahanati moja alikokwenda ilimpa dawa ya choa kwa muda wa mwaka mzima bila ya mtu kumtazama vizuri. Je, mtu kama huyu tutamlaumu akikimbilia kila chupa inayotangazwa? Mfa maji hukamata maji.

Lakini huruma kwa mgonjwa isituzuie kuuliza. Kwa hakika huruma ndiyo itulazimishayo kuuliza, kwa sababu fedha zinazotoka ni zake na ngozi inayopakwa ni yake.

KUJAA NA KUPWA

Ugumu wa kupima dawa ya soriasisi ni kwamba maradhi haya yana desturi ya bahari. Hujaa na kupwa yenyewe. Kuna miezi mabaka hutanda mwili mzima, kuna miezi hupungua pasi na dawa yoyote. Mgonjwa naye hatafuti dawa siku maradhi yakiwa madogo. Huitafuta siku yamefika ukingoni. Ikiwa siku hiyo ndiyo aliyoanza kupaka, na maji yalikuwa karibu kupwa, basi chochote alichopaka kitapata sifa. Mtu akichomeka mti pwani wakati bahari inapoondoka, hawezi kusema kuwa ni mti wake uliokunywa maji.

Fauka ya hayo, ngozi yenye magamba hupenda mafuta. Mafuta yoyote yasiyochoma, hata yale ya nazi, huyalainisha magamba na kupunguza mwasho. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila si lazima iwe imetokana na mti uliosagwa ndani ya mafuta hayo. Yawezekana ni mafuta yenyewe.

Ndipo madaktari wakaanzisha njia ya kupima iliyo rahisi kuieleza. Hutengenezwa vikopo viwili vinavyofanana kwa rangi na harufu. Kimoja kina dawa, cha pili hakina. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, au mgonjwa mmoja hupaka hiki mkono wa kulia na kile wa kushoto. Yeye hajui kipi ni kipi, na daktari anayekuja kuyatazama mabaka naye hajui. Siri imo ndani ya daftari lililofungwa, na hufunguliwa mwisho. Hapo tofauti ikionekana, itakuwa imetokana na dawa, wala si bahari kupwa wala mafuta kulainisha.

Sasa tuitazame shubiri iliyopimwa kwa njia hiyo. Mwaka 1996 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 60 wa soriasisi. Nusu yao walipaka krimu yenye utomvu wa mshubiri, na nusu wakapaka krimu tupu. Katika wale 30 wa shubiri, 25 walihesabiwa kuwa wamepona. Katika wale 30 wa krimu tupu, wawili tu. Kwa nani isingekuwa furaha? Habari hiyo ilienea dunia nzima, na hadi leo wauzaji huitaja.

Walakini elimu haitosheki na shahidi mmoja. Mwaka 2005 madaktari wa Denmark walitangaza jaribio lao. Walichukua wagonjwa 41, kila mmoja akapaka utomvu wa mshubiri uliotengenezwa kiwandani upande mmoja wa mwili na dawa bandia upande wa pili, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki nne. Mmoja hakumaliza. Daftari lilipofunguliwa, mabaka yaliyopakwa shubiri yalikuwa yamepungua kwa wagonjwa 72.5 katika kila mia. Na yale yaliyopakwa dawa bandia? Yamepungua kwa 82.5 katika kila mia! Kile kisicho dawa kilikishinda kile kilicho dawa.

Tafadhali itazame vizuri hesabu hiyo. Katika kila wagonjwa kumi, saba na zaidi walipata nafuu kwa shubiri. Mmoja wao angesimama sokoni na kuapa kuwa shubiri imemponya, na asingekuwa mwongo. Ila hangejua kwamba mkono wake wa pili, usioonja shubiri, nao ulipata nafuu ile ile au zaidi. Hii ndiyo sababu ushahidi wa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani, hautoshi katika jambo hili. Simtuhumu kwa uaminifu wake. Nasema tu kwamba jicho lake halikuwa na cha kulinganisha.

Je, basi shubiri haifai kitu? La, sisemi hivyo. Majaribio mawili yametoa majibu mawili, na mshubiri wa kiwanda kimoja si lazima uwe sawa na wa kiwanda kingine. Nisemalo ni kwamba kwa ushahidi uliopo, mtu asimwahidi mgonjwa wa soriasisi kuwa shubiri itamponya.

KITABU CHA IBN AL-BAYTAR

Wako watakaosema kwamba vipimo hivi ni hila za Wazungu za kuzishusha dawa zetu. Kwa hao nina kisa kinachoanzia katika elimu ya Waislamu wenyewe.

Katika karne ya kumi na tatu aliishi mwanachuoni wa mimea, Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga katika Andalusia, aliyefariki Damascus mwaka 1248. Alisafiri Afrika ya Kaskazini na nchi za Sham akikusanya majina na sifa za mimea, akaandika kitabu kikubwa cha dawa na vyakula chenye mambo zaidi ya elfu moja. Humo ameeleza mmea wa jamii ya bizari, uliojulikana kwa jina la Kiberiberi la aatrilal, ambao kabila moja la Maghrib lilikuwa likiutumia kwa kutibu barasi, yaani ile ngozi inayopoteza rangi. Mbegu zilisagwa, mgonjwa akazila, kisha akakaa juani.

Mmea huo huota pia kandokando ya mto Nile. Katika miaka ya 1940, wataalamu wa Misri walizikamua mbegu zake wakapata chembe za dawa safi, na daktari mmoja wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, akaanza kuwapa wagonjwa wa barasi na kuwaweka juani kama ilivyoandikwa. Dawa ikafanya kazi. Habari zikafika Marekani, na mwaka 1974 madaktari wa Boston, akiwamo Thomas Fitzpatrick, wakatangaza kwamba dawa hiyo hiyo ya mbegu, ikimezwa na mgonjwa kisha akawekwa mbele ya taa ya mwanga maalumu, huyaondoa mabaka ya soriasisi. Hospitali nyingi za dunia zikaifuata njia hiyo.

Kwa hivyo waliodharau maandishi ya wazee walikosea. Kabila la jangwani lilijua, mwanachuoni akaandika, na baada ya zaidi ya miaka 700 dawa ikawapa watu nafuu mahali ambapo Ibn al-Baytar hakupajua kuwa papo duniani.

Lakini kisa hakijesha. Madaktari wa Marekani waliandika majina ya wagonjwa 1,380 waliotibiwa hivyo, wakawafuata mwaka hadi mwaka. Kufikia mwaka 1979 wakagundua kwamba saratani ya ngozi ilikuwa ikiwapata zaidi kuliko kawaida, hasa wale waliotibiwa mara nyingi. Dawa haikutupwa, bali ikawekewa mipaka: nani apewe, mara ngapi, na achunguzwe vipi.

Hapa pana fundisho kwa wale wanaosema kwamba dawa ya mti haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Mbegu ile ilikuwa ya asili. Jua nalo ni la asili. Madhara yake hayakuweza kuonekana na mganga mmoja katika kijiji kimoja, kwa sababu yalikuja baada ya miaka, na mtu aliyeugua baadaye asingeyahusisha na dawa aliyokula zamani. Yalionekana kwa kuhesabu na kuandika tu.

NILI YA WACHINA

Kisa cha tatu ni cha nili. Wazee wetu waliijua nili kwa rangi. Kaniki za bibi zetu zilitiwa rangi yake. Wachina kwa upande wao waliifanya nili kuwa dawa tangu zamani. Huichukua majani ya mimea kadhaa yenye rangi hiyo, huyavundika majini na kutia chokaa, kisha hukausha povu na masimbi yake yakawa unga wa buluu.

Huko Taiwan, daktari Yin-Ku Lin na wenzake wa hospitali ya Chang Gung waliichukua nili hiyo wakaifanya marhamu. Jaribio lao lilitangazwa mwaka 2008. Walikuwako wagonjwa 42 wenye soriasisi sugu, na kila mmoja alipaka marhamu ya nili kwenye baka moja na marhamu tupu kwenye baka la upande wa pili, kwa wiki kumi na mbili. Mgonjwa hakuweza kufichwa, maana nili hujitangaza kwa rangi yake. Kwa hivyo aliyefichwa ni mtu wa kuyapima mabaka. Wagonjwa 31 kati ya 42 mabaka yao ya upande wa nili yalitoweka au yakakaribia kutoweka.

Hata hivyo nguo na shuka zilipata rangi ya buluu, na nani atakwenda kazini na mikono ya mpiga rangi? Watafiti hawakukata tamaa. Waliikamua nili ndani ya mafuta na kuichuja, wakapata dawa isiyochafua sana, kisha wakaanza upya kuipima. Kazi moja imewachukua miaka mingi, na hivyo ndivyo kazi ya kweli inavyokwenda.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kuna watu waliosikia kwamba nili ni dawa, wakaanza kuinywa kwa maradhi ya matumbo. Mwezi wa Desemba mwaka 2016 wizara ya afya ya Japani ilitoa onyo, kwa kuwa baadhi ya watu waliokuwa wakiinywa walipatwa na shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, jambo la hatari. Kitu ambacho juu ya ngozi kilikuwa nafuu, ndani ya tumbo kikawa balaa. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba dawa fulani imepimwa, muulize: imepimwa kwa kupaka au kwa kunywa? Kwa kiasi gani? Kwa muda gani?

KRIMU YENYE SIRI

Nimeona katika maduka yetu vikopo vilivyoandikwa kwamba ndani yake mna miti shamba mitupu, na watu husema kuwa mabaka huondoka kwa siku tatu. Siku tatu! Dawa ya namna hiyo yapasa itutie shaka kabla ya kutufurahisha.

Mwaka 1999 madaktari wa London walichunguza krimu 11 za miti shamba ya Kichina ambazo wagonjwa wao wa ngozi walikuwa wakitumia. Katika 8 kati ya hizo walikuta steroidi, dawa kali ya hospitali, imetiwa kwa siri. Wagonjwa waliamini kuwa ni majani, kumbe mengine yalikuwa ni ya maabara.

Steroidi si adui. Daktari akiitoa kwa kipimo huwa na msaada mkubwa. Lakini ikipakwa bila ya kipimo kwa miezi, ngozi hukonda ikawa kama karatasi. Na mwenye soriasisi akiiacha ghafla, maradhi yaweza kurudi kwa nguvu, pengine mwili mzima ukawaka na kutoa usaha. Mgonjwa atadhani kwamba ugonjwa wake umezidi kwa kuwa dawa imekwisha, atakimbilia kopo jingine, na mwenye duka atamshukuru Mungu.

Jambo jingine ni la wale waliokwisha kupewa dawa za hospitali. Mathalan, wako wanaotumia methotrexate, dawa inyweyo mara moja kwa wiki, nayo hutaka ini la mgonjwa lichunguzwe kila baada ya muda. Mtu huyo akichanganya na mizizi asiyoijua, ini litabeba mizigo miwili, na daktari hatajua lipi limeliumiza. Wazee walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Dawa iliyokutuliza usiitupe kwa kusikia habari ya chupa mpya. Na ukitaka kuijaribu hiyo mpya, mwambie daktari wako bila kumwogopa.

MANENO YA MZEE WA DAWA

Nilizungumza na mzee mmoja muuza dawa, ambaye babake na babu yake walikuwa waganga. Nilimtajia habari za kupima. Alicheka, kisha akasema, "Mwanangu, hao wapimaji nawajua. Huja na kalamu, huondoka na mizizi. Barua hairudi." Nikamwuliza kama angekubali dawa yake ipimwe endapo barua ingerudi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ikiwa nitaambiwa ukweli, hata kama haifai, nitakubali. Mimi sipendi kumla mtu pesa yake."

Malalamiko yake yana haki. Historia ya dawa za soriasisi imejaa miti iliyochukuliwa. Katika miaka ya 1870, madaktari wa London walitambua kwamba unga wa Goa, uliokuwa ukiuzwa Bara Hindi kwa kutibu choa, waweza kutuliza soriasisi. Unga huo asili yake ilikuwa ni mti wa araroba wa Brazili, uliovushwa bahari na Wareno. Vita vya Kwanza vilipoufanya kuwa adimu, Wajerumani mwaka 1916 wakatengeneza mfano wake maabarani, nao ukatumika ulimwenguni kwa miaka mingi. Tangu hapo mti na wenye mti hawakuhitajiwa tena.

Siku hizi sheria zipo. Mapatano ya Nagoya, yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2014, yataka wenye mimea na maarifa waombwe ruhusa na wagawiwe faida. Kenya nayo ina Sheria ya mwaka 2016 ya Kulinda Maarifa ya Jadi. Lakini sheria iliyomo kabatini haimfikii mzee wa dawa aliyekaa juu ya kigunia chake. Nani amemweleza kwamba maarifa yake yaweza kuandikishwa? Na hali wazee wanakwenda zao mmoja mmoja, na vijana hawajifunzi, kila jeneza la mganga huondoka na kitabu kisichopata kuandikwa.

Misitu nayo hupungua. Makaya ya Wamijikenda yalitiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, na humo mna mimea ya dawa ambayo wazee wa makaya waliilinda kwa miiko. Msitu ukifyekwa leo, hakuna mtafiti atakayekuja kesho kupima jivu.

LIFANYIKE NINI?

Kwa maoni yangu mambo manne yanafaa kufanywa, na hayataki utajiri mwingi.

La kwanza, soriasisi itambuliwe mapema. Hospitali za kaunti zetu za pwani zihakikishe kwamba wauguzi na matabibu wa zahanati wameonyeshwa jinsi maradhi haya yanavyokuwa katika ngozi nyeusi. Kule Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1992 kuna chuo cha kufundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwalimu hayuko mbali. Ni kutuma wanafunzi.

La pili, dawa zetu zipimwe hapa hapa. Taasisi ya KEMRI ina kituo cha utafiti wa dawa za jadi. Jaribio la mkono wa kulia na wa kushoto halihitaji mitambo ya ajabu. Lahitaji wagonjwa wachache wenye subira, marhamu mbili, daftari, na watu waaminifu. Mshubiri uko, mwarobaini uko, wagonjwa wako. Lililokosekana ni kuwaketisha mganga na daktari mkeka mmoja, waandikiane mkataba tangu mwanzo, na majibu yarudishwe kwa mwenye dawa hata yakiwa machungu kama hiyo shubiri yenyewe.

La tatu, vikopo vinavyouzwa vichunguzwe. Halmashauri ya Dawa na Sumu ina mamlaka juu ya dawa za miti shamba zinazouzwa. Itume watu madukani na minadani, ipeleke sampuli maabarani, na itangaze majina ya vikopo vilivyotiwa steroidi. Muuzaji mwaminifu hatadhurika. Yeye ndiye atakayefaidika mno.

La nne ni letu sisi. Imamu na khatibu, mwalimu wa madrasa na kungwi wa harusi, kila mmoja ana kikao chake anachosikilizwa. Neno moja tu latosha: maradhi haya hayaambukizi. Mpeni mgonjwa mkono wake. Mwacheni atie udhu na watu. Msiirudishe posa kwa sababu ya kiwiko. Hakuna jaribio linalohitajika kuthibitisha kuwa neno hilo lina faida, na hakuna duka linaloliuza.

Na wewe msomaji, ukienda kununua dawa ya ngozi kesho, mwulize mwenye duka maswali matatu kwa adabu. Ndani mna nini? Imepimwa kwa watu wangapi, na wale ambao hawakupewa walikuwaje? Na nikipata madhara nirudi kwa nani? Akikujibu vizuri, mshukuru. Akikasirika, rudisha kopo lake juu ya meza na uende zako.